Mapambo ya mbao ya Krismasi: yamepasuka, yamepinda au yananata? Tafuta chanzo hapa

Desemba ikianza kukolea, mabasi ya kuja Moshi yanajaa. Watoto wa Kilimanjaro wanarudi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, kula sikukuu, na kila mmoja ana mfuko wa zawadi. Mimi zawadi zangu natengeneza kwa mkono: nyota, kengele, visahani vya tawi vyenye jina la mtoto, majani ya mmea wa sale yaliyochongwa kwa mbao, yote ya kutundika kwenye msaiprasi, mti wetu wa Krismasi, sebuleni. Mbao zangu ni za hapa hapa: mbuni mzee uliong'olewa shambani, mgrevilea uliokuwa ukitia kivuli kwenye kahawa, mjakaranda wa kando ya barabara, na mara chache kipande cha mpingo.

Wiki hiyo hiyo ndipo simu zinapoanza. Mtu ananitumia picha ya pambo lililopasuka au linalonata, anaomba dawa. Kabla sijamjibu namuuliza maswali mawili: mti ulikatwa lini, na pambo litakaa nyumba ya wapi? Nimeona mara nyingi kwamba kasoro inayojitokeza mwishoni, pambo likiwa limeshapakwa vanishi na kufungwa utepe, ilianzia siku mbao ilipochukuliwa ikiwa bado na maji. Kwa hiyo naanza na maji, kisha tutafuata dalili moja moja.

Maji kwanza

Mti mbichi una maji ya namna mbili. Kuna yaliyojaa ndani ya mirija yake, na kuna yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, mbao inapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, zamu ya kuta inafika, na hapo mbao inaanza kusinyaa. Ndiyo maana tawi lililokatwa Jumatatu linaonekana zima Ijumaa, kisha wiki ya tatu unasikia linalia "tak!" usiku.

Tena mbao haikauki mpaka maji yaishe kabisa. Inakauka mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Dar au Tanga, kwenye joto la unyevu, inatulia kwenye asilimia 14 hadi 16 hivi. Ndani ya nyumba ya Ulaya mwezi Januari, hita ikiwaka mchana na usiku, inashuka hadi 6 au 8. Pambo lililotulia pwani likifika huko linaanza kukauka upya.

Kipimo cha unyevu cha betri kinauzwa, lakini mzani wa jikoni wa dijitali unatosha. Kipande kimoja ni chepesi mno kwa mzani huo, hivyo panga kumi au ishirini kwa pamoja, pima, andika uzito na tarehe kwa penseli kwenye kimojawapo. Rudia kila baada ya siku 3. Uzito ukigoma kushuka mara tatu mfululizo, mbao imelingana na hewa yako. Kuna muuzaji mmoja wa mbao aliyeniapia kwamba ubao wake umekaa mwaka mzima stoo. Nilikata kipande cha gramu 212, nikakiweka juu ya kabati. Baada ya wiki 2 kilikuwa gramu 187. Tangu siku hiyo naamini mzani.

Jambo la kalenda nalo ni zito kwetu. Mvua za vuli zinakuja kuanzia Oktoba na kuingia Desemba, yaani miezi ile ile ambayo kila mtu anakumbuka kutengeneza zawadi. Mbao iliyokatwa Novemba haina nafasi ya kukauka kabla ya sikukuu. Mimi nakata Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, hewa ikiwa kavu na jua si kali. Visahani vya unene wa sentimita 1 vinanichukua wiki 5 hadi 8 kivulini.

Kisahani cha tawi kimepasuka kutoka katikati hadi gome

Hii ndiyo picha ninayotumiwa kuliko zote. Ufa mmoja, mwembamba katikati, mpana kwenye gome, kama kipande cha keki kimetolewa.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa. Mbao haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki kabisa. Kutoka kiini kwenda gome inasinyaa kiasi, na kwa kuzunguka mti, kufuata zile duara za ukuaji, inasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Chukua kisahani cha kipenyo cha sentimita 6. Mzunguko wake ni karibu sentimita 19. Ikiwa kimesinyaa asilimia 4 kuelekea katikati na asilimia 8 kwa kuzunguka, kunabaki pengo la asilimia 4 ya mzunguko, karibu milimita 7 na nusu, ambalo lazima litokee mahali fulani. Linatokea kama ufa. Wala si mti mbaya wala msumeno butu.

Kwa hiyo usipigane na hesabu, ipunguze. Tumia matawi membamba, ya sentimita 3 hadi 4. Pengo linakuwa dogo na mara nyingi mbao inalivumilia. Kata kwa mshazari badala ya kukata wima: unapata umbo la yai, nyuzi ndefu zinashikana, na ufa unakuwa mgumu kutokea. Hata machoni umbo hilo linapendeza kuliko duara. Njia nyingine ni kutoboa kiini kwa biti ya milimita 6 siku ile ile unapokata. Mvutano unapungua, na hilo tundu unaweza kulijaza shanga nyekundu baadaye.

Muhimu kuliko yote ni mwendo wa kukauka. Jua la saa sita linakausha uso wakati tumbo bado ni bichi. Uso unasinyaa, tumbo linakataa, pambo linapasuka. Ninaweka visahani ndani ya mfuko wa karatasi wa unga pamoja na maranda makavu, nafunga mdomo, naweka chumbani. Kila siku 2 natoa maranda yaliyolowa naweka makavu. Wiki ya tatu nafungua mdomo. Ya tano navipanga visahani kwenye wavu. Katika kila visahani 20 vya mbuni, kwa njia hii napoteza 2 au 3. Zamani, nilipokuwa nikianika juu ya bati, nilikuwa napoteza zaidi ya nusu.

Kama ufa umeshatokea na mbao imekwisha kukauka, uache au ujaze. Kujaza, changanya unga laini wa mbao ile ile na gundi nyeupe ya mbao mpaka iwe kama ugali mzito, sukuma ndani kwa kisu, iache siku nzima, kisha msasa. Usijaze ufa wa mbao mbichi. Ukifanya hivyo, mbao ikiendelea kusinyaa utapata ufa mwingine pembeni ya ule uliouziba.

Pambo limepinda, ukiliweka mezani linayumba

Kengele au nyota iliyokatwa kwenye ubao mwembamba, milimita 4 au 5, ikaonekana nzuri jioni, asubuhi imejikunja kama kibanzi cha muhogo.

Uliza upande upi ulipata hewa. Ukilaza kipande mezani baada ya kukipiga randa, uso wa juu unakauka na wa chini umezibwa na meza. Ukipaka vanishi upande wa mbele tu kwa sababu nyuma hakuonekani, upande mmoja unavuta na kutoa unyevu na mwingine umefungwa. Dawa ni kutenda pande zote mbili sawa: simamisha kipande au kiweke juu ya vijiti, na koti la vanishi la mbele liwe na mwenzake nyuma. Nyuma hakuonekani, lakini ndiko kunakoshikilia mbele kubaki sawa.

Kilichopinda tayari mara nyingi kinarudi. Lowesha kwa kitambaa ule upande ulioingia ndani, kilaze kati ya mbao mbili, weka juu yake kitu kizito kwa siku 2. Kikirudi, kipake pande zote upesi. Kisiporudi, huenda ubao ulikatwa karibu na kiini cha gogo. Kigeuze kuwa kitu kidogo zaidi.

Ncha za nyota zinavunjika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyota ndiyo kila mtu anaitaka, na nyota ya mbao ina tatizo la asili.

Mbao ni fungu la nyuzi. Kuivunja kwa kukata nyuzi ni kazi, kuitenganisha nyuzi na nyuzi ni rahisi. Ndiyo maana kuni unazipasua kwa kusimamisha gogo. Sasa chora nyota ya ncha tano kwenye ubao, ncha ya juu ikifuata nyuzi. Hiyo ya juu iko imara. Miguu miwili ya chini imekwenda mshazari, nayo inavumilia. Mikono miwili ya pembeni imelala karibu kukingama na nyuzi, hivyo kila mkono umeshikwa na nyuzi fupi zenye urefu wa milimita chache tu. Mtoto akiidondosha, mkono unakwenda. Ukiizungusha nyota ukadhani umetatua, unahamisha udhaifu tu: ncha ya juu ikikingama kabisa, hiyo ndiyo itakayovunjika kwanza. Hakuna namna ya kuigeuza nyota ya ncha tano ncha zote zikawa salama, na ya kuisimamisha kwa nyuzi ndiyo nafuu kuliko zote.

Kinachosaidia ni kubadilisha ubao wenyewe. Chukua vipande viwili vyembamba vya milimita 3, vigundishe nyuzi za kimoja zikikingama na za kingine, vibane kwa jiriwa au mawe mazito usiku kucha, kisha ndiyo ukate nyota. Kila ncha sasa ina nyuzi ndefu upande mmoja. Plaiwudi hufanya kazi hiyo hiyo, ila kingo zake zinaonyesha matabaka na mimi sizipendi kwa zawadi. Ukitaka kutumia ubao mmoja, nenepesha ncha, usizichonge kama sindano.

Au chagua umbo linalokubaliana na mti. Mwaka wa kwanza nilipochoshwa na nyota nilikata jani la sale. Ni refu, jembamba, na nyuzi zinalifuata kutoka shina hadi ncha kama mishipa ya jani lenyewe. Halivunjiki. Na kwa Wachagga sale ni jani la kuombea msamaha, jani ambalo mtu akikuletea huwezi kulikataa. Shangazi yangu alipolipokea la mbao, alilishika kwa mikono miwili, akanyamaza, kisha akaniuliza kama kuna jambo nimemkosea. Nikamwambia hapana, ni la kutundika tu. Akalitundika katikati kabisa ya mti.

Kama ncha inavunjika wakati wa kukata na si baadaye, tazama msumeno. Meno makubwa ya msumeno wa fundi yanachana. Bleji ya msumeno wa chuma, yenye meno madogo, inakata kipande chembamba bila kuchana nyuma, hasa ukibandika utepe wa karatasi kwenye mstari wa kukata. Kata ukielekea kwenye mbao, kamwe usianzie kwenye shingo nyembamba ukatokea nje.

Tundu la kamba limepasua juu

Umetoboa mwisho, karibu na ukingo, mahali nyuzi zinapoishia. Biti inafanya kazi ya kabari.

Toboa kwanza, kabla hujakata umbo, wakati kipande bado kina mbao ya kutosha pembeni. Biti ya milimita 2 inatosha kabisa kwa uzi wa katani. Acha kutoka ukingo wa tundu hadi nje angalau mara mbili ya upana wa tundu. Mimi huacha milimita 5. Weka mbao chakavu chini ili biti isitoke na vibanzi. Zile skrubu ndogo zenye kitanzi nazo zinapasua kama hukutoboa njia kwanza. Zizungushe kwenye sabuni ya mche kabla ya kuzipachika, zitaingia kwa ulaini.

Na kama tawi la msaiprasi linainama, pima pambo. Kisahani cha mpingo cha sentimita 6 kwa milimita 5 kina karibu gramu 17. Cha mjakaranda wa ukubwa ule ule kina 7 au 8. Mpingo ukae karibu na shina.

Vanishi inanata siku ya nne, au imekuwa na wingu jeupe

Hizi ni dalili mbili na usizichanganye.

Wingu jeupe linatokea kwenye vanishi inayokauka upesi, ile ya kuchanganya na thina, ukiipaka siku ya mvua. Thina inaruka kwa kasi, inaupoza uso, na unyevu wa hewa unaganda juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Maji yanafungiwa ndani. Subiri siku kavu, pitisha koti jembamba la thina yenye vanishi kidogo, mara nyingi wingu linafunguka. Vuli ikikaza, mimi sipaki baada ya saa kumi jioni wala kabla ya saa tatu asubuhi.

Kunata ni habari nyingine. Kwanza kumbuka ulipaka nini kabla ya vanishi. Watu wengi hupaka mafuta ya nazi au ya kula ili mbao ing'ae. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Vanishi juu yake ni kama rangi juu ya siagi. Hapo hakuna jingine ila kufuta kwa thina, kuacha ikauke, msasa, na kuanza upya. Ukitaka mafuta, tumia ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, ambayo yanaganda yenyewe hewani, kwa koti jembamba lililofutwa vizuri. Na matambara uliyofutia usiyafinyange na kuyatupa kwenye pipa. Mafuta hayo yakiganda yanatoa joto, na tambara lililofinyangwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Pili, mti wenyewe unaweza kuwa na mafuta. Mpingo na mtiki zina utomvu unaozuia vanishi za mafuta kuganda, na gundi nayo inateleza. Futa uso kwa spiriti, kikikauka tu paka au gundisha, usingoje kesho. Kwa mpingo lakini naona vanishi ni kuuonea. Upitishe msasa mpaka namba 400, sugua kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba, basi. Wachongaji wengi wanamalizia kwa dawa nyeusi ya viatu, nayo inang'aa, ila ikitumika kugeuza mti mweupe kuwa "mpingo" itamchafua mtu mikono. Mpingo wa kweli una uzito kuliko maji. Kidondoshe kipande kwenye glasi, kitazama.

Tatu, koti nene. Koti tatu nyembamba zinakauka haraka kuliko moja nene.

Mikwaruzo imejitokeza baada ya kupaka

Ilikuwepo tangu mwanzo, vanishi imeimulika tu. Uliruka namba za msasa, kutoka 80 moja kwa moja hadi 240, na msasa laini hauna nguvu ya kuondoa mifereji ya ule mkali. Nenda 80, 120, 180, 240, ukifuata nyuzi. Kabla ya namba ya mwisho futa kwa kitambaa chenye maji kidogo: nyuzi zilizolala zitasimama, zikikauka utazikata.

Jina la mtoto likisambaa kama wino kwenye gazeti, sababu ni kwamba uso wa kisahani ni vichwa vya mirija vilivyokatwa, na kila mrija unanyonya. Paka kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, msasa mwepesi, kisha andika. Ukiandika kwa kuchoma na waya wa moto, fanya hivyo kabla ya gundi au vanishi yoyote, maana moshi wake si wa kuvuta.

Madoa ya bluu au kijivu kwenye mbao nyeupe ni kuvu wa ndani. Hawalegezi mbao kwa kiasi cha kujali na msasa hauyafuti. Yalitokea kwa sababu tawi lilikaa siku nyingi bichi na limefunikwa. Kipande hicho kipake rangi.

Unga mweupe unadondoka chini ya mti

Tundu dogo la milimita 1 au 2, na chini yake unga laini kama wa ngano. Ni bungua. Mdudu huyu anataga kwenye vinyweleo vya mbao yenye wanga, hasa ile nyeupe ya nje ya shina, na buu lake linakula humo kwa miezi kabla ya kutoka. Kwa hiyo pambo zuri la mwaka jana linaweza kuanza kumwaga unga mwaka huu, na likiwekwa kwenye boksi moja na mengine, linayaambukiza.

Kulipaka vanishi hakumuui aliye ndani. Funga pambo kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukilitoa, liache ndani ya mfuko mpaka lipate joto la chumba, la sivyo litalowa umande. Kisha ziba matundu na upake uso wote, hata ndani ya tundu la kamba, maana bungua mpya anahitaji mbao iliyo wazi ili atage. Kwa kinga, visahani vibichi navichemsha saa moja kwenye sufuria chakavu kabla ya kuvikausha. Tanuri sikushauri; joto kavu litakurudisha kwenye ufa.

Ngozi inawasha, kifua kinabana

Acha kazi, kanawe. Vumbi la mgrevilea na la mpingo linawasha watu wengine vibaya, na baadhi wanazidi kuathirika kila wanaporudia. Vumbi la mbao kwa ujumla limeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Barakoa nzuri, msasa ufanyike nje upepo ukikupiga mgongoni, na watoto wasikae karibu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona mafundi wanaopiga msasa siku nzima wamejifunga kanga mdomoni, na kanga haizuii lile vumbi jembamba ambalo ndilo linaloingia ndani kabisa.

Lilifika salama, likapasuka huko huko

Nyota zangu za kwanza kwenda Ujerumani zilikuwa za mjakaranda, zimekaa kivulini miezi 3, mzani umegoma, vanishi safi. Kwa hewa ya Moshi zilikuwa kavu. Wiki ya pili ya Januari mdogo wangu akanitumia picha: nne kati ya sita zimefunguka kwenye gundi. Alikuwa amezitundika dirishani, juu kabisa ya hita.

Kwa mapambo ya kusafiri sasa naongeza hatua. Vipande vilivyokwisha kukauka kivulini navihamishia kwenye sanduku la bati lenye balbu ndogo ya umeme inayotoa joto, kifuniko kimeachwa wazi kidogo, siku 10 hivi, nikipima. Vinashuka uzito tena. Nakata, nagundisha na kupaka vikitoka humo, kabla havijavuta unyevu wa vuli, na kila kimoja kinaingia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Vanishi haizuii unyevu kabisa, inauchelewesha, na kuchelewa huko kunaipa mbao muda wa kusinyaa polepole.

Gome liondoe, hasa likienda Australia au New Zealand, ambako ukaguzi wa mimea ni mkali na kipande chenye gome au dalili ya mdudu kinaweza kuzuiwa. Mpingo uko kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja vimeondolewa sharti la kibali cha CITES. Mapambo machache hayafiki hapo. Hata hivyo andika kwenye fomu jina la mti na neno "mapambo yaliyokamilika", usiandike "mbao".

Ndani ya boksi naweka karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono: lisitundikwe juu ya hita wala karibu na taa za moto, lisiachiwe mtoto anayetia vitu mdomoni, na mfuko usifunguliwe siku boksi linapofika. Utobolewe matundu mawili kwa sindano, lisubiri wiki moja sebuleni, ndipo litolewe.